Mwanga Unaotoka Chini

Nachora wachuma chai, na kuchora kati ya Kericho na Bomet kumenifunza kutazama chini kwanza. Chai hukatwa juu ikawa sawasawa, kimo cha kiuno, na jani lake lina mng'ao. Jua la saa tatu asubuhi likilipiga, mwanga hurudi juu ukampata mchumaji chini ya kidevu, kooni na ndani ya mikono. Kivuli cha uso wake hakiwi kahawia tupu, kina ukijani. Ukiunyima mchoro ukijani huo, umemtoa mama wa watu shambani ukamsimamisha studio.

Mhispania Joaquín Sorolla aliyajua haya akiwa pwani ya Valencia. Katika mchoro wake wa 1896 watu wanashona tanga jeupe lililotandazwa katikati yao, na tanga hilohilo ndilo linalowamulika nyuso. Naupenda sana. Mwanga ule haukuja kuipamba kazi. Unatoka ndani ya kazi yenyewe.

Jani nalo lina mambo yake. Chipukizi likipenywa na jua ni la kijani cha manjano, lakini jani lililokomaa huakisi mbingu, likaonekana jeupe lenye buluu kidogo. Asubuhi kuna umande, ndiyo sababu mchumaji hujifunga aproni ya plastiki, na ikilowa hung'aa kuliko chochote shambani. Alasiri mawingu hujikusanya, mvua hushuka, mara nyingine ya mawe, nami nakunja vyombo. Wachumaji bado wako kazini: majani lazima yapimwe siku hiyohiyo.

Wateja huniomba mchumaji anayetabasamu akitazama mbele. Nakataa. Majani mawili na chipukizi huvunjwa kwa vidole, macho yakifuata mikono. Mama mmoja wa Litein alipoona picha ya namna hiyo kwenye kalenda alisema, "Mwanangu, huyu hachumi. Huyu anapigwa picha."

Siku hizi kwenye mashamba makubwa watu wawili hushika mashine ya kuchumia chai, mmoja kila upande wa mstari, mfuko mrefu ukifuata nyuma. Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto Kericho kwa uchungu wa ajira zilizopotea. Turubai nililo nalo sasa ni la hao wawili. Vidole vimefumbata mpini. Ukijani uleule uko shingoni. Pembeni yao nimeacha chai tupu, palipokuwa pakisimama wengine na vikapu vyao. Mteja amenisihi nipajaze. Sipajazi.