Sala ya Kweli Huanza na Ukweli



Wapendwa katika Kristo, tangu nianze utume katika ukanda huu wa Kibaha na Kisarawe, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hili: "Padre, nimesali sana, mbona Mungu hanisikii?" Huuliza mama anayeuguza mtoto, kijana aliyemaliza masomo na hana kazi, mzee ambaye mikorosho yake imepukutisha maua kabla ya kuzaa. Swali hilo ni zito, wala halistahili jibu la haraka. Wiki hii napenda tulitazame kwa kuanzia upande wetu: tunaposali, twamwambia Mungu nini hasa?

Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa amelazwa kwa majuma mengi, alinieleza kwamba ameacha kusali Sala ya Bwana. Kila alipofika kwenye ombi la tatu, lile la mapenzi ya Mungu, ulimi wake ulikataa. "Siwezi kumdanganya Mungu, Padre," alisema. "Sitaki amchukue mwanangu." Nikamwuliza: "Mama, maneno hayo uliyoniambia mimi, umekwisha kumwambia Yeye?" Akanyamaza kwa muda mrefu. Alidhani kwamba maneno ya namna hiyo hayapelekwi mbele ya Mungu.

Ndugu zangu, wengi wetu tunadhani hivyo. Tunamwendea Mungu kama mtu anayekwenda kwa mkuu: tunachagua maneno mazuri, na yale yanayotuchoma tunayaacha mlangoni. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika sehemu yake ya nne, inafundisha kwamba ni moyo ndio unaosali. Moyo ukiwa mbali na Mungu, maneno ya sala ni bure. Ndilo lalamiko la Mungu kwa kinywa cha nabii Isaya (Isa 29:13). Mtoza ushuru hekaluni alikuwa na sentensi moja tu, fupi na ya kweli, naye akarudi nyumbani amehesabiwa haki (Lk 18:9-14). Farisayo alikuwa na mengi ya kusema, ila hakuwa na haja yoyote kwa Mungu.

Tunao mfano jirani kabisa. Wengi wenu mmekwenda kuhiji Pugu, na waendao Kisarawe hupita hapo kila siku. Mwaka 1888 Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walianzisha misheni mahali hapo. Sala yao ya kila siku ilikuwa Zaburi, na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 19, inawaagiza wasali hivi kwamba akili ikubaliane na sauti. Sasa fikirini Zaburi hizo zinasema nini. Zaburi ya 13 inamwuliza Mungu atamsahau mtu wake hata lini. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila neno la faraja. Kanisa halikuzifuta. Limezitia kinywani mwa watawa na mapadre, kizazi hata kizazi, ili tujifunze kwamba kilio nacho ni sala.

Mwezi wa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ya Pugu ilishambuliwa na watawa watatu wakauawa. Je, Mungu hakuwasikia watu waliomwimbia usiku na mchana? Hapa inatupasa kumtazama Bwana wetu Gethsemane. Kwanza alitaja wazi alichokitaka, yaani kikombe kile kimwepuke. Ndipo alipojikabidhi kwa Baba (Lk 22:42). Hakuruka hatua ya kwanza. Na Waraka kwa Waebrania unasema kwamba alisikilizwa (Ebr 5:7), ilhali tunajua kwamba alikufa msalabani. Basi, kusikilizwa si sawa na kuepushwa. Sala si hirizi ya kuvaa shingoni. Ni mwana anayezungumza na Baba yake, na Baba hamwachi mwana peke yake, hata kaburini.

Mtoto wa mama yule alifariki. Mama bado anasali. Aliniambia kwamba sasa, akifika kwenye ombi la tatu, hukaa kimya kidogo, humwambia Mungu jinsi anavyoumia, kisha hulitamka. Sijui wengi wanaolitamka kwa ukweli kuliko yeye.

Tufanyeje basi? Kwanza, tutafute faragha. Bwana anatuagiza tuingie chumbani na kufunga mlango (Mt 6:6). Najua wengi wenu mnaishi chumba kimoja na watoto. Lakini hata ndani ya basi la alfajiri litokalo Maili Moja, moyo unaweza kufunga mlango wake.

Pili, tutaje jambo lenyewe kwa jina lake. Kama ni hasira, tuseme hasira. Kama ni wivu, tuseme wivu. Mungu anajua tayari, ila anangoja tumfungulie.

Tatu, tupatane. Jiji linapanuka kuja kwetu, bei za viwanja zinapanda, na ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu ya shamba la marehemu baba yao, huku wote wawili wakipanga foleni ya Komunyo. Bwana anasema tuiache sadaka, twende kwanza tukapatane (Mt 5:23-24). Atawezaje mtu kusema "Baba yetu" huku amemkataa ndugu yake?

Nne, maneno yakitukauka, tusikate tamaa. Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa (Rum 8:26).

Wapendwa, wiki hii, kabla ya rozari au sala yoyote mliyoizoea, kila mmoja wetu amweleze Mungu jambo moja la kweli ambalo hajapata kumwambia. Liwe fupi. Kisha tukae kimya mbele zake.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki nyote.