Saa Hii ni ya Kazi Gani?

Mkanda ulikatika Jumapili jioni pale Lighthouse, nikinyoosha mkono kupokea mihogo. Haukutoa hata sauti. Saa iliteleza ikaangukia kwenye bakuli la pilipili la yule mama muuzaji, naye akaitoa kwa vidole viwili kama mtu anayetoa nzi kwenye chai. "Saa yako yaona njaa," akasema. Waliokaa kwenye viti vya plastiki wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nikaifuta kwa shati, nikaitia mfukoni. Ilikuwa bado inatembea.

Ni Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki. Kama hujaivaa wewe, basi kuna ndugu yako aliyeivaa. Ilitoka mwaka 1989 na sura yake ni ile ile mpaka leo. Pamoja na mkanda ina uzito wa gramu 21. Ina taa ndogo ya kijani upande wa kushoto ambayo haikusaidii kitu, na ukitaka, hulia pip mbili kila saa inapotimia. Feki zimejaa mitaani, lakini kuna njia ya kuijua ya kweli: bonyeza kitufe cha kulia bila kukiachia kwa sekunde tatu, kioo kitaandika jina la kampuni. Yangu huandika. Kampuni inasema betri hudumu miaka 7. Yangu imeingia mwaka wa nane na bado inakata.

Mama alininunulia mwaka 2017, wiki moja kabla ya KCSE. Saa ya ukutani ya darasa letu ilikuwa imekufa tangu tukiwa kidato cha pili, na simu haziingii chumba cha mtihani. Alisema mtu hawezi kufanya mtihani kwa kukisia jua. Hakujua kama ni ya kweli au feki. Aliipenda kwa sababu nambari zake ni kubwa. Mpaka leo akiisoma husoma kwa Kiswahili. Ikiandika 8:00 yeye husema saa mbili, wala hahesabu kidoleni.

Mama ni mpishi kwenye nyumba moja hapa Kizingo. Ukimwambia mtu wa Mombasa unaishi Kizingo, kwanza anakuangalia viatu. Huku ndiko kuna State House, uwanja wa gofu, na kuta ndefu zenye maua juu na walinzi chini. Kweli naishi Kizingo, lakini nyuma: vyumba viwili vya wafanyakazi, karibu na tangi la maji. Nimekulia hapo. Nilitoka hapo mwaka 2018 kwenda chuo Nairobi na sanduku la bati, saa mkononi, na kuku aliyekaangwa wa kula njiani.

Mwaka 2021 nilirudi. Karo ilikuwa imelimbikizana, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kuingia darasani hata siku ambazo hakuna aliyenifukuza. Hiyo sehemu ya pili sikumwambia Mama. Nilimwambia nimeahirisha na nitarudi Septemba. Septemba ikaja ikapita, nikasema Septemba ijayo. Sasa nimeshakuwa na Septemba nne. Kila mwaka ukiingia Agosti, Mama huanza kuniuliza habari za sanduku, kama bado lina kufuli.

Katikati ya hizo Septemba nimekuwa nikiandika. Naandika maelezo ya bidhaa kwa tovuti za watu wa ng'ambo: mashine za kahawa, mito ya shingo, viatu vya kupandia milima ambavyo sijawahi kuvishika. Usiku nikipata nafasi naandika vitu vyangu, kama hiki. Wateja wengi wako Marekani. New York wako nyuma yetu kwa saa 7 wakati wao wa joto na saa 8 wakati wao wa baridi, kwa hivyo asubuhi yao ni jioni yangu. Ndio maana nahitaji saa mkononi. Simu nikiishika kuangalia saa, nashtukia nusu saa imepita naangalia harusi za watu. Na ukiitoa simu Digo Road jioni kuangalia ni saa ngapi, jua unaiaga.

Jumatatu asubuhi Mama aliuona mkono wangu mtupu. Nikamwonyesha. Mkanda ulikuwa umepasuka pale kwenye tundu la tatu, tundu nililolitumia miaka yote minane. Akachomoa mia tano kwenye leso.

"Tia mkanda wa ngozi," akasema. "Ukirudi chuo nawe uonekane mtu."

Nikazipokea. Nimekuwa nikizipokea pesa za aina hiyo muda mrefu.

Nilitembea mpaka Treasury Square, nikashika Nkrumah Road, nikatokea Digo Road. Kabla hujafika Marikiti kuna mzee mmoja mwenye meza ya kioo barazani, upana wake kama dawati la shule. Ndani kuna saa zilizokufa na zilizofufuka, na pembeni mikanda imening'inizwa kama samaki wa kukaushwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Kioo cha jicho kilikuwa kimebana kwenye uso wake na nadhani alikuwa akiniona mkubwa kuliko nilivyo.

Akaishika saa yangu, akaigeuza, akaikunja mabaki ya mkanda kati ya vidole. Yakavunjika tena.

"Raba hii yazeeka kama mtu," akasema. "Jua, jasho, chumvi. Huku kwetu haifiki mbali. Ilikuwa laini, sasa imekauka. Hata ungeishika kwa adabu ingekatika tu."

Akapima kwa rula. Milimita 18 pale mkanda unapoingia. Akaniambia hapo ndipo watu hukosea. Wananunua mkanda kwa kupenda rangi, wakifika nyumbani unacheza au hauingii. Kwanza upana, halafu urefu wa mkono wako, halafu ndio uanze kupenda.

Akatandika minne mezani.

Wa kwanza ulikuwa wa raba kama ule ule, shilingi mia mbili. Nikiuvaa, itakuwa kama hakuna kilichotokea.

Wa pili wa ngozi ya kahawia, mia tano kamili, kana kwamba alikuwa amezungumza na Mama. Ulikuwa mzuri, sikatai. Nikamuuliza utakaa muda gani. Akacheka. "Wewe wafanya kazi kwenye eisi? Kama huna eisi, ngozi yanywa jasho. Miezi sita yaanza kunuka, mwaka yaoza kwenye uzi. Ngozi ni ya mtu atokaye ofisini akaingia garini."

Wa tatu wa chuma, mia nane. Niliujaribu. Saa ya gramu chache kwenye mnyororo wa chuma ilionekana kama mtoto aliyevaa koti la babake, tena ulining'oa nywele mbili. Nikaurudisha.

Wa nne wa nailoni, kijivu, kipande kimoja kirefu, mia tatu na hamsini. Mikanda ya namna hiyo iliingizwa katika jeshi la Uingereza mwaka 1973, na kwa kuwa askari alijaza fomu ya G10 kuupata, wengine bado wanauita hivyo. Maana yake niliielewa nilipomwona mzee akiutia. Mkanda wa kawaida una vipande viwili, kila kimoja kimeshikwa na kipini chake chenye springi. Kipini kimoja kikichomoka, saa imeenda. Huu wa nailoni hupita chini ya vipini vyote viwili. Kimoja kikikatika, saa inabaki inaning'inia kwenye kingine.

"Sasa," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza akatoa kioo jichoni. "Hii saa ni ya kazi gani?"

Nilijua anachouliza. Anataka kujua kama nabeba mizigo, kama naingia majini, kama nakaa mezani. Ni swali la fundi. Lakini lilinikuta vibaya. Nilisimama pale watu wakinipita na mifuko ya Marikiti, nikagundua kwamba kila mkanda pale mezani ulikuwa na mtu wake na mimi nilikuwa nachagua wa kujifanya nani. Wa raba ulikuwa wa mwanafunzi. Wa ngozi ulikuwa wa yule kijana anayesubiriwa na Mama, mwenye sanduku lenye kufuli.

"Naandika," nikasema. "Nyumbani. Usiku."

"Waandika nini?"

"Maelezo ya vitu. Na hadithi."

"Wanakulipa?"

"Wananilipa. Si kila wakati kwa siku waliyosema."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za shamba. "Basi mkono wako washinda juu ya meza. Chuma kitakwaruza meza, ngozi itaoza. Chukua kitambaa." Akasukuma kipini cha kwanza kwa ncha ya bisibisi ndogo, kikaingia kwa mlio mdogo. Nikampa mia tano, akanirudishia mia na hamsini.

Mama hakusema kitu nilipofika. Aliuangalia mkanda, akaendelea kuchambua mchele. Usiku tulikuwa tumekaa nje, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye ngazi, saa ikalia pip mbili. Saa tatu.

"Mama," nikasema. "Septemba sirudi."

"Na ile nyingine?"

"Hata ile nyingine. Nilishaacha, Mama. Niliacha zamani."

Alinyamaza muda mrefu. Kwenye nyumba kubwa mtu alizima taa ya jikoni ambayo yeye huiwasha kila alfajiri. Halafu akasema, "Basi nirudishie mia tano yangu. Ilikuwa ya chuo."

Nilidhani anafanya mzaha, nikamwangalia. Hakuwa anafanya mzaha. Nikampa ile mia na hamsini, nikamwambia nyingine Ijumaa nikilipwa. Akaihesabu, akaifunga kwenye ncha ya leso, akaingia ndani. Usiku ule sikuandika neno.

Ijumaa nililipwa kweli. Nikampa mia tatu na hamsini. Alizipokea, kisha akaniuliza swali ambalo sijapata jibu lake mpaka leo: "Hao watu wako wasipokulipa, utamwendea nani?" Nikasema nitatafuta wengine. Akasema, "Haya." Haya ya Mama ina vyumba vingi, na sijajua aliniweka kipi.

Mkanda una kasoro moja ambayo mzee hakunitajia. Nailoni ikilowa jasho hunuka kama kamba ya ngalawa, kwa hivyo lazima uvuliwe ufuliwe kila wiki. Dawa ni sabuni ya kipande na maji, kisha uuanike. Kwa jua la hapa nusu saa yatosha. Huwa naufua Jumapili. Jumapili iliyopita nilichelewa kuamka kwa sababu ya kazi ya mteja wa New York, nikatoka nje kuutafuta. Saa ilikuwa juu ya kigoda, imewekwa kifudifudi isipigwe na jua. Mkanda ulikuwa kwenye kamba ya nguo, kati ya leso mbili, umebanwa kwa vibanio viwili, tayari umekauka.