Isiolo: Kindi Porini, Ngamia Sahanini

Ukishapita mashamba ya ngano ya Timau na kukata kushoto pale njia panda ya Subuiga, barabara inakutoa kwenye baridi ya Mlima Kenya na kukuingiza jotoni hata hujamaliza kuvua sweta. Migunga inaanza, hewa inakauka, minara ya misikiti inachomoza mbele. Umefika Isiolo, kilomita 285 hivi kutoka Nairobi, mji ambao Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru hukutana soko moja na kupatana bei kwa Kiswahili.

Wasafiri wengi huupita mbio wakienda Samburu, Marsabit au Moyale. Mimi nasema mtu ashuke, tena ashuke na njaa.

Ila kwanza afike Buffalo Springs, kaskazini kidogo ya mji. Huko wageni humtafuta punda milia wa Grevy, choroa, na swala twiga anayesimama kwa miguu miwili kufikia majani ya juu. Mimi humtafuta kindi wa ardhini. Rangi yake ni ya udongo uleule anaoukanyaga, ubavuni hana mistari, na jicho lake limezungukwa na duara jeupe. Mtini hapandi sana. Hulala shimoni na kutoka jua likishapanda. Kambini husogea karibu na meza, akainuka kwa miguu ya nyuma, vidole kifuani, akakukodolea macho kama mtu anayekudai.

Kwingine angekwisha kuwa kitoweo. Kusini mwa Marekani kindi wa msituni walipikwa polepole kwa mahindi, maharagwe na nyanya mpaka mchuzi ukawa mzito, na hadi leo majimbo ya Virginia na Georgia hugombania nani aliuanza mchuzi huo, ingawa siku hizi wengi huupika kwa kuku. Uingereza nako wapo wanaomla kindi wa kijivu, mgeni aliyeletwa kutoka Marekani katika karne ya 19 akamsukuma kando kindi mwekundu wa kwao. Siwalaumu hata kidogo. Nyama ya mwitu ni chakula cha heshima pale ilipo desturi na wanyama wakawa tele.

Isiolo si nchi ya kitoweo hicho. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kuwinda hata kwa ajili ya sufuria ya nyumbani. Lakini sheria ni sehemu ndogo ya habari. Huku ni kwa wafugaji, na kwa Mborana au Msomali nyama ni ile inayorudi zizini jioni kwa miguu yake, ikachinjwa kwa kisu kikali na jina la Mwenyezi Mungu likitajwa. Uwindaji ulikuwa kazi ya Wawaata, jamii iliyoishi bega kwa bega na Waborana na kusema lugha yao, wakiijua nyika kuliko yeyote. Ndugu zao wa Tsavo, mabingwa wa upinde mrefu wa kuulia ndovu, walisakwa na serikali ya kikoloni mwaka 1956 na 1957, wengi wakatiwa gerezani. Anayefurahia utulivu wa wanyama wa mbugani, na mimi ni mmoja wao, awakumbuke waliolipishwa kwa ajili yake.

Sasa turudi mjini tukale. Mchana, agiza nyama ya ngamia na wali. Ni nyama nyekundu isiyo na mafuta mengi, kwa kuwa mafuta ya ngamia yamekaa nunduni. Ya ngamia mzee inataka moto wa saa nyingi. Ya ngamia mchanga hulainika upesi na utamu wake uko karibu na wa ndama. Ndizi mbivu huwekwa kando ya sahani, nawe uikate uile pamoja na wali. Fanya hivyo, usiiache mpaka mwisho.

Kilele cha mapishi ya Isiolo, kwangu, ni nyirinyiri. Ni kazi ya akina mama. Nyama hukatwa vipande virefu vyembamba, ikaanikwa kambani hadi ikauke juu, kisha ikakatwakatwa vidogo mno, karibu sawa na punje za mahindi. Hukaangwa kwenye mafuta yake mpaka maji yote yaishe na rangi iwe ya kahawia iliyokolea. Ndipo huzamishwa katika samli yenye iliki na kitunguu saumu, chombo kikafunikwa. Hukaa miezi bila friji. Kijiko kimoja juu ya anjera asubuhi, na chai ya maziwa ya ngamia pembeni, kinatosha kukufikisha adhuhuri.

Nilimuuliza mama mmoja sokoni mbona ajitaabishe hivyo ilhali bucha ziko kila kona. “Mwanangu,” akasema, “bucha iko mjini. Ukame uko kila mahali.” Ukame wa 2020 hadi 2023 ulimaliza mifugo mingi mno kaskazini. Aliyemchinja mnyama angali na nyama mwilini, akaihifadhi, alibaki na kitu chunguni wakati jirani yake anaburuta mizoga. Ni maarifa ya kuokoa maisha, nami naona yanastahili kufundishwa vyuoni kama fani nyingine yoyote ya chakula.

Hata maziwa yako mikononi mwa wanawake. Ushirika wao wa Anolei hukusanya maziwa ya ngamia kutoka vijijini na kuyapeleka Eastleigh, Nairobi, kwa basi. Yana harufu ya moshi, kwani vyombo vyake hufukizwa kwa vijinga vya miti ya nyikani. Anayeyanywa mara ya kwanza ayanywe polepole.

Ukinunua nyirinyiri ya kubeba, chagua ambayo samli imeifunika nyama yote. Chota kwa kijiko kikavu, kisha sawazisha juu ili nyama isibaki wazi. Kwa ugali pia inakwenda vizuri sana.