Nyumba Isiyofuka Moshi

Mama mwenzetu, sisi wauguzi tumezoea kuwaambia watu la kufanya. Mzee akianguka mara moja tu, tunawaita watoto wake na kuwashauri wamhamishie mjini. Tumefanya hivyo miaka mingi, wala hatukujiuliza nyumba yake inabaki na nani.

Mwezi wa Novemba 2024 tulikuwa watatu huko Japani, tumekwenda kujifunza utunzaji wa wazee. Siku moja tulifuatana na muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani, milimani kaskazini ya jiji la Kyoto. Tulipita nyumba nzuri za kale, za mbao, zenye mapaa mazito ya nyasi, mengine yamefunikwa kwa mabati. Nyingi zilikuwa zimefungwa. Moja ilikuwa imebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, na mianzi imeota mpaka barazani.

Mgonjwa wetu alikuwa bibi mjane wa miaka 86, aliyeumia nyonga. Alianguka akitoka nyumba ya jirani. Jirani mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki, na watoto wake wako Osaka. Lakini kila juma bibi huyu alikwenda kufungua madirisha ya nyumba ile na kuwasha moto katika meko iliyo katikati ya sakafu. Tukamwuliza, moto wa nini mahali pasipo na chungu? Akatueleza kwamba moshi ndio unaokausha nyasi za paa na kufukuza wadudu. Nyumba ikikaa imefungwa, unyevu huingia, mikeka ikaota ukungu, na nguzo zikaoza.

Kwa nini wenyewe wasiuze? Mkalimani wetu akacheka kidogo. Vijana wamekuwa wakihamia mijini tangu miaka ya 1950 na 1960, na wanunuzi vijijini ni wachache. Kubomoa ni gharama. Tena kiwanja kidogo chenye nyumba hutozwa kodi kwa kukadiria moja ya sita tu ya thamani yake, hivyo ukibomoa, kodi inapanda. Basi watu huiacha ianguke yenyewe. (Kwa maoni yetu, kodi ya namna hiyo inalipa uzembe.) Hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu zipatazo 9,000,000 nchi nzima. Kati ya hizo, kama 3,850,000 hazikuwa za kupangisha, wala za kuuza, wala za mapumziko. Siku hizi halmashauri nyingi huziorodhesha nyumba hizo ili wanaozitaka wazipate kwa bei nafuu.

Muuguzi mwenyeji alimwonya bibi asirudi kule peke yake, nasi tukamwunga mkono. Nyonga ya mtu wa umri ule ikivunjika, huenda asisimame tena. Hilo tulilijua, na bado tunalisema.

Bibi alisikiliza kwa adabu, akatumiminia chai. Kisha akauliza, "Na nyumbani kwa mama zenu, nani anawasha moto?"

Wawili wetu tulitazama vikombe. Wa tatu akajibu kwamba tangu tulipomshauri amhamishie mama yake mjini, mwaka 2019, ufunguo uko kwa jirani.

"Jirani huyo ana umri gani?"

"Ni mtu mzima sana, bibi."

Akatikisa kichwa, akanyosha mkono apimwe presha.