Punje za Mahindi za Mama

Siku ya malipo ya kahawa mama hakuhesabu shilingi, alihesabu miezi. Alitandaza gunia kando ya meko, akachota mahindi makavu, akapanga punje safu kwa safu: hizi unga, hizi mafuta ya taa, hizi sukari na sabuni, ile safu ndefu karo. Ndipo baba akauliza, "Zinatufikisha wapi?" Mwaka wa 1977 jibu lilikuwa, "Tunavuka Desemba."

Baridi ya Julai 1975 ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil, bei ikapanda duniani kote. Kwetu Meru nchini Kenya, juu ya mji wa Nkubu, nyasi zilishuka paani, mabati yakapanda. Mvua ikinyesha usiku hatukusikizana. Nilinunuliwa viatu vya kwanza, nikawa navibeba mkononi hadi langoni mwa shule nisije nikavichafua. Babu alitazama mabati yale akanyamaza. Alikuwa kijana wakati Mwafrika alikatazwa kupanda kahawa, kabla wakoloni hawajaanza kuwaruhusu wakulima wachache wa Meru, Embu na Kisii katika miaka ya 1930.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba jijini Nairobi, nilikutana na hesabu ya mama. Robert Allen, mwanahistoria wa uchumi, aliwapima vibarua wa London, Beijing na Canton kwa kapu la mahitaji: nafaka, kunde, nyama kidogo, mafuta, sabuni, nguo, kuni. Kisha akauliza mshahara wa mwaka unanunua makapu mangapi. Mwaka wa 2012 Ewout Frankema na Marlous van Waijenburg walilileta kapu hilo katika makoloni tisa ya Waingereza barani Afrika, Kenya ikiwemo, kuanzia 1880 hadi 1965. Waligundua kwamba kibarua wa mjini Afrika Magharibi aliishi vizuri kuliko mwenzake wa Asia. Nilisoma nikitetemeka kwa furaha: umaskini wetu haukuwa wa tangu na tangu.

Lakini mama sikumwona humo. Vitabu vya mishahara vilihifadhi kibarua mwanamume wa mjini. Aliyeamka gizani kuchuma buni Novemba, akachambua mbivu na mbichi, akabeba debe mgongoni hadi kiwandani, hakuwa na mshahara wa kuandikwa. Hata risiti ya kiwanda ilikuwa na jina la baba. Jambo hili bado linaniuma.

Nilisoma pia juu ya Vietnam: mageuzi ya 1986, familia zikihamia nyanda za juu kupanda kahawa aina ya robusta, hadi kufikia mwaka wa 2000 hivi nchi hiyo ikawa ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa, nyuma ya Brazil. Kahawa hiyo ilichangia kuiangusha bei yetu, ila sikuweza kuwachukia. Huko nako kuna mama aliyekuwa akipanga punje zake, za mpunga pengine.

Anguko letu lilikuwa limeanza mapema zaidi. Julai 1989 mkataba wa dunia uliogawa viwango vya kuuza kahawa ulivunjika. Mwaka uliofuata nilikuwa nyumbani kwa likizo siku ya malipo. Mama akatandaza gunia. Unga, mafuta ya taa, nusu ya sukari. Safu ya karo haikuanza. Baba hakuuliza zinatufikisha wapi. Mama alizikusanya punje zote, akazipeperusha vumbi, akazitia chunguni pamoja na maharagwe.