Majivu ya Mama Mkwe

Ndugu unayesoma haya, mahindi yako yakiwa yameliwa, mimi nilifika hapo.

Ilikuwa masika ya 2017, hapa Trans Nzoia. Tulikuwa tumepanda ekari 2 kwa mbolea ya mkopo. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Asubuhi moja nikaona majani yametobolewa, na kwenye moyo wa mhindi kumejaa kitu kama unga wa mbao. Nikafunua. Kiwavi. Usoni ana alama ya Y iliyogeuzwa juu chini. Mhindi wa pili, kiwavi. Wa tatu, vilevile.

Tulidhani ni wale viwavijeshi wetu wa zamani, wanaopita kwa makundi kisha wanatoweka. Kumbe ni mgeni. Afisa wa kilimo alitueleza baadaye kwamba nondo wake asili yake ni Amerika, alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na usiku mmoja anaweza kuruka kilomita 100. Huku hakuna baridi ya kumuua. Akahamia.

Tulinunua dawa, tukapuliza mchana. Viwavi hawakufa. Walikuwa ndani kabisa, wamejiziba kwa kinyesi chao. Pesa za karo zikaisha.

Usiku mmoja nilitoka. Nikasimama katikati ya shamba. Giza. Sikuweza hata kuomba. Nilisema tu, Mungu, watoto. Basi.

Mama mkwe alinikuta palepale alfajiri. Hakuniuliza kitu. Alikuwa na karai la majivu ya jikoni. "Mwanangu, shika mstari ule." Tukaanza, mhindi mmoja mmoja, tunaponda kwa vidole, tunatia majivu moyoni mwa mhindi. Shemeji zangu wakaja. Watoto wakaja. Tulivuna magunia 7 mahali pa 40, lakini tulikula, namshukuru Mungu.

Nondo hajaondoka. Siku hizi tunapanda mara tu mvua za kwanza zinaponyesha, mahindi pamoja na maharagwe, na alfajiri nageuza majani kutafuta mayai. Hutagwa kwa fungu, yamefunikwa manyoya kama ukungu. Fungu moja laweza kuwa na mayai 100 na zaidi. Naliponda kabla halijaanguliwa.

Bado nondo akigonga taa jioni, moyo hunishtuka.

Nawe ukisimama shambani leo huna la kusema, usibaki peke yako. Mwite mtu wa nyumbani kwako, mbebe majivu, mwanze na mstari wa kwanza.