Baiskeli ya Marui na Kosa Lililoisha

Kabla ya baiskeli kulikuwa na ringi. Kila mtoto wa kiume kijijini kwetu Marui alikuwa na yake, gurudumu kuukuu lililong'olewa spoku, akilisukuma kwa kijiti. Ukitumwa dukani ulikwenda na ringi na kurudi na ringi, chumvi ikiwa mkono wa pili. Baiskeli zenyewe zilikuwa mali ya wakubwa: Phoenix za Kichina, nyeusi, nzito, na kazi yake kubwa ilikuwa mkaa. Wanaume walizifunga magunia, wakatoka usiku, wakazisukuma vilima hadi Kisarawe, kisha wakateremka Pugu kuingia Dar es Salaam. Mtoto aliyetaka kujifunza alivizia mwenye baiskeli alale mchana. Akaichukua, akapenyeza mguu mmoja chini ya bomba la juu, akaendesha huku mwili wote ukining'inia upande.

Baiskeli ndogo tuliziona sikukuu tu. Siku ya Idi alikuja mtu na chache za kukodisha, akalipisha kwa mzunguko, na mkono wa Idi wote tuliopewa na shangazi na wajomba ukaishia mfukoni mwake.

Kwa hiyo baba alipoleta ya kwetu kutoka Dar, imefungwa juu ya mizigo kwenye lori, uwanja ulijaa kabla kamba haijafunguliwa. Ilikuwa mtumba wa Kijapani, nyekundu, rangi imechubuka, na ubavuni ilikuwa na maandishi ambayo hakuna mtu mzima aliyeweza kuyasoma. Breki ya mbele haikuwepo. Ya nyuma ilikuwepo, ila waya wake umekatika. Mama akatoa sheria palepale: kila mtoto aliyepo uwanjani anapata mzunguko wake, wa kike na wa kiume, kutoka mwembeni mpaka kisimani na kurudi, na mtu akimnyima mwenzake, baiskeli inapanda darini. Nilinuna. Nilidhani kitu kikiletwa na baba yangu ni changu.

Mchanga wa kwetu ndio uliotufundisha. Aliyewahi kuendesha baiskeli Pwani wakati wa kiangazi anajua: ukilitazama gurudumu la mbele, linazama na wewe unakwenda nalo chini. Ukiubana usukani kwa nguvu ndiyo kabisa. Sharti ulegeze mikono, utazame mbali, miguu isiache kukanyaga pedeli. Na kwa kuwa breki hakuna, ulisimama kwa kandambili: unarudisha mguu wa kulia nyuma, unaubana unyayo juu ya tairi mpaka mpira unanuka. Ndiyo maana watoto wote wa upande wetu walikuwa na kandambili moja nzima na nyingine imelika kisigino. Mama hakuhitaji kuuliza nani alikuwa kwenye mteremko. Aliziangalia kandambili mlangoni.

Aliyejua kuendesha kuliko sisi wote alikuwa dada yangu. Alipita mchangani bila kuyumba, na ndiye aliyewashikia siti wadogo mpaka wakaweza. Kisha akavunja ungo, akawekwa ndani kama walivyowekwa wali wa Kizaramo. Alipotoka alikuwa mtu mzima, na sikumwona tena juu ya baiskeli. Hakuna aliyemkataza kwa mdomo. Naiheshimu mila yetu na yale ambayo bibi zetu waliwafunza mabinti zao mle ndani, lakini hilo moja bado linaniuma, na sioni kwa nini lisisemwe.

Utundu wenyewe ulianzia kwenye waya wa breki. Tulitaka kununua mpya, na fedha hatukuwa nayo. Mikorosho ilikuwa imeanza kuzaa, na mwenye duka mmoja alinunua korosho za watoto kwa bakuli bila kuuliza zimetoka wapi. Tukapakizana, kile ambacho leo vijana wa bodaboda wanakiita mishikaki: mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye keria, mimi katikati nikikanyaga. Tukaenda shamba la babu mmoja jirani na kuitikisa mikorosho yake kwa nguvu zetu zote. Mabibo yakamwagika. Tukala, tukanyofoa korosho, tukajaza mashati.

Asiyeujua mkorosho asome hapa taratibu. Maji ya bibo yakiingia kwenye shati hayatoki kwa sabuni yoyote. Doa linabaki la kahawia mpaka nguo inachanika. Tulikuwa tumejiandika vifuani. Babu alitukuta njiani, akasimama katikati ya njia na fimbo yake. Tukamwamkia, "Shikamoo, babu," kwa sauti isiyotoka. Akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu," kila mmoja kwa zamu yake, akataja na baba zetu, mmoja mmoja. Hakupiga mtu. Akasema kesho asubuhi tuje shambani, na baiskeli yetu tuje nayo.

Tulikwenda, maana wazazi walikuwa wameshapata habari kabla hatujafika nyumbani. Na pale ndipo nilipoelewa alichokasirikia. Korosho haiangushwi, inasubiriwa ianguke yenyewe. Ukiutikisa mti unashusha changa, nyepesi, ambazo mnunuzi mzoefu anazitupa, na unapukutisha maua ya zile ambazo zingekuja baadaye. Tulichukua kidogo na kuharibu kingi. Hakutuhubiria. Alitupa vikapu, tukaokota chini ya miti, tukainyonga kila korosho itoke kwenye bibo lake, tukazianika juani mikekani, tukazichambua. Baiskeli haikupandwa siku hizo. Ilibeba vikapu, nasi tukaisukuma kama baba zetu walivyozisukuma zao. Mabibo alituachia tule.

Korosho zilipokwisha alituambia twende. Basi. Kuanzia siku ile nilipita mbele ya nyumba yake miaka yote ya utoto wangu, na hata mara moja hakunitajia tena. Akinituma, alinituma kama anavyomtuma mtoto mwaminifu. Watu wazima wengine walijua kisa kile chote, maana Marui hakuna siri, nao pia wakakiacha pale kilipoishia. Nilikua bila kuitwa mwizi wa korosho.

Nimeishi na jambo hilo muda mrefu, na kadiri ninavyolea wanangu ndivyo linavyozidi kuwa kubwa machoni pangu. Tulipewa nafasi ya kukosea karibu na watu wanaotujua, kosa likapewa kazi ya kulilipa, kazi ikawa na mwisho. Wenyewe tunasema mkono mmoja haulei mwana. Wengi tunaikumbuka methali hiyo pale tu tunapotaka jirani atusaidie kumkaripia mtoto. Ule mkono wa jirani ulijua pia kuachilia.

Sasa naishi Kibaha. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi kwetu imepanuliwa ikawa ya njia nane, kwa kilomita 19.2, na ni maendeleo ambayo kila msafiri anayashukuru. Lakini mtoto wa hapa Kibaha, wa Maili Moja au Picha ya Ndege, hawezi kuikaribia na baiskeli. Mitaa ya ndani imejaa bodaboda. Viwanja vya wazi vinapimwa na kuuzwa. Wazazi wananunua baiskeli nzuri, mpya, zenye breki mbili na kengele, kisha mtoto anazunguka nayo uani geti likiwa limefungwa mpaka anaichoka. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambulia mtoto haki ya kucheza na kupumzika, na sidhani walioiandika walikusudia zege la uani.

Kinachonitisha zaidi ni simu. Mtoto akikutwa leo juu ya mwembe wa jirani, kuna anayemrekodi kabla ya kumuuliza ni mtoto wa nani. Video inazunguka kwenye makundi, watu wasiomjua wanamcheka na kumlaani, na atakapokuwa na miaka thelathini itakuwa bado ipo. Hilo ni ukatili, hata likifanywa na mtu anayejiona anafundisha maadili. Embe zinaota tena mwaka unaofuata.

Ombi langu kwa wazazi wenzangu wa Kibaha na Kisarawe ni hili. Mkimnunulia mtoto baiskeli, fungueni geti. Tembeeni naye mtaani, mjulisheni kwa majirani, amwamkie kila mmoja, ajulikane ni wa nani. Mabinti wapeni zamu yao, na msiwanyang'anye wakishakua. Madiwani na wenyeviti wa mitaa, tuachieni kiwanja kimoja cha wazi kila mtaa, hata kama ni cha mchanga mtupu. Na wewe jirani ukimkuta mtoto wa mwenzio kwenye miti yako, weka simu mfukoni, mpe kazi ya kulipa, na ikiisha mwache aende.